Mwaka wa Babu: Uraia, Kabila na Pasipoti ya Kongo Vikitazamwa kutoka Kalemie

Pasipoti ya taifa haimfanyi mtu kuwa raia. Humkuta ameshakuwa raia, ama humkosa. Kauli hiyo ni ya kweli katika nchi nyingi, lakini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina uzito wa pekee. Huko swali la nani anastahili kuomba pasipoti halijibiwi kwanza kwa kutazama mahali alipozaliwa mwombaji, wala muda aliokaa nchini. Hujibiwa kwa kutazama wazee wake: walikuwa watu wa kabila gani, na kabila hilo lilikuwa limekaa wapi katika mwaka uliotajwa na sheria. Baina ya 1964 na 2004 sheria za Kongo ziliubadilisha mwaka huo mara kadhaa. Kila ulipobadilishwa, watu waliokuwa ndani walijikuta nje, na pengine wa nje wakajikuta ndani, bila ya yeyote kati yao kuhama nyumba yake.

Historia hii imezoeleka kusimuliwa kutoka Kivu, na kwa haki, kwani huko ndiko ilikomwaga damu nyingi zaidi. Hata hivyo, yapo mambo ambayo huonekana vizuri zaidi mtu akisimama Kalemie, mji uliokuwa ukiitwa Albertville hadi 1966, na ambao ni makao makuu ya mkoa wa Tanganyika tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Kalemie ni bandari. Kigoma iko kiasi cha kilometa 130 ng'ambo ya ziwa, ilhali Kinshasa, yaliko makao ya Wizara ya Mambo ya Nje inayotoa pasipoti, iko zaidi ya kilometa 1,500 kwa mstari ulionyooka. Tena Kalemie ni mji wa Kiswahili. Na Kiswahili kilifika hapo vinywani mwa watu ambao sheria ya uraia imepata taabu sana kuwaweka mahali popote.

Pasipoti kabla ya taifa

Yafaa ikumbukwe kwamba Mkongo wa kawaida aliifahamu pasipoti kabla ya kuwa na taifa. Dikrii ya tarehe 2 Mei 1910 iliwagawa wenyeji wote wa Kongo ya Kibelgiji katika machifu waliotambuliwa na serikali. Kila mwenyeji alipaswa kuwa wa chifu mmoja, na hakuruhusiwa kukaa nje ya eneo la chifu wake zaidi ya siku thelathini bila ya kibali. Kibali hicho kiliitwa kwa Kifaransa passeport de mutation, yaani pasipoti ya kuhama. Dikrii ya tarehe 5 Desemba 1933, iliyozipanga upya tawala za wenyeji, iliendeleza utaratibu huo huo. Pasipoti ya kwanza, kwa hiyo, haikuwa hati ya kwendea ughaibuni. Ilikuwa hati ya kumzuia mtu asitoke kijijini kwake.

Albertville yenyewe ilikuwa mji wa watu waliotoka vijijini kwao. Ngome yake ilijengwa na Kapteni Jules Jacques mwishoni mwa 1891, katika vita dhidi ya Rumaliza wa Ujiji na wafuasi wake. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani, na baada ya hapo zikaja gati, karakana, machimbo ya makaa ya mawe ya Lukuga na kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Kwa mkataba wa Machi 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na mizigo ya Kongo ikawa inapita Tanganyika bila ya kutozwa ushuru. Hapa pana kinyume kinachostahili kutazamwa. Marobota yaliweza kusafiri kutoka Bahari ya Hindi hadi Albertville yakiwa na lakiri yake, lakini kijana wa Kabambare aliyetaka kazi ya gati alihitaji karatasi ya chifu na ya bwana mkubwa wa wilaya ili aishi katika mji huo.

Karatasi hiyo ilikuwa na nafasi ya kuandika kabila. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika mawili. Mtu ambaye baba yake alikuwa Mrua, mama yake Mholoholo, na ambaye yeye mwenyewe alikulia katika kijiji cha misheni akizungumza Kiswahili, aliandikwa kuwa wa kabila moja na wa chifu mmoja. Kwa njia hiyo kabila, ambalo zamani lilikuwa jambo la ukoo, la utani na la mahali pa kuzikia wafu, likawa pia jambo la faili. Watunga sheria waliokuja baada ya uhuru walipotafuta mlango wa kuingilia katika taifa, walikuta faili hizo ziko tayari.

Wakati huo wote Wakongo walikuwa chini ya Ubelgiji bila ya kuwa raia wa Ubelgiji. Lugha ya Kifaransa hutofautisha utaifa, ambao ni kuwa mtu wa dola fulani mbele ya madola mengine, na uraia, ambao ni kuwa na haki ndani ya dola hiyo. Kiswahili hutumia neno uraia kwa yote mawili. Neno raia lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni wanaochungwa, yaani kundi lenye mchungaji. Kwa hali ya Mkongo chini ya Bula Matari neno hilo lilifaa kuliko lile la Kifaransa.

Sheria na tarehe zake

Jamhuri ilipozaliwa tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na sheria ya uraia wa wananchi wake. Jibu la kwanza lilitolewa na Katiba iliyoitwa ya Luluabourg, ya tarehe 1 Agosti 1964. Ibara yake ya 6 ilisema kuwa uraia wa Kongo ni mmoja tu, na kwamba unatolewa, kuanzia tarehe 30 Juni 1960, kwa kila mtu ambaye mmoja wa wazee wake ni au alikuwa mtu wa kabila, au wa sehemu ya kabila, lililokaa katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908.

Tarehe hiyo haikuwa ya tukio lolote katika maisha ya kabila lolote. Ilikuwa ni siku ya sheria iliyopitishwa Ubelgiji kuhusu utawala wa koloni jipya, Mfalme Leopold II alipokuwa akiiachia Kongo mkononi mwa taifa lake. Sheria namba 72-002 ya tarehe 5 Januari 1972 ilisogea mbele kidogo, ikataja mipaka ya tarehe 15 Novemba 1908, siku ambayo Ubelgiji iliitwaa Kongo rasmi. Sheria namba 81-002 ya tarehe 29 Juni 1981 ilirudi nyuma zaidi ya miaka ishirini, hadi mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo Leopold alitangaza kwa madola mipaka na kutopendelea upande kwa dola yake mpya. Tarehe zote tatu, basi, ni tarehe za Ulaya. Dola iliyokuwa imejitangaza kurudi katika asili yake, ikawavua watu majina ya Kikristo na kuubatiza mto upya, ilipofika kwenye kuamua nani ni mtoto wake ilichagua siku iliyowekwa na Leopold.

Kando ya tarehe hizo zilikuwapo nyingine mbili, zilizowahusu watu wa asili ya Ruanda-Urundi. Tarehe 26 Machi 1971 amri yenye nguvu ya sheria iliwapa uraia kwa pamoja wote wa asili hiyo waliokuwa wamekaa Kongo siku ya uhuru. Haikupita hata mwaka mmoja, sheria ya 1972 ikaipunguza. Ibara ya 15 iliwatambua wale tu waliokuwa wamekaa katika mkoa wa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 na kuendelea kuishi nchini tangu hapo.

Wachambuzi wengi wamebishana juu ya mwaka huo wa 1950. Mtu aliyesimama Kalemie huona neno jingine, nalo ni Kivu. Kati ya 1925 na 1929 Union Minière ya Katanga iliandika wafanyakazi katika Ruanda-Urundi, na njia yao ilikuwa ya ziwa na reli: Usumbura, Albertville, Kabalo, kisha kusini. Wapo waliorudi kwao na wapo waliobaki Katanga, wakaoa na kuzaa. Mjukuu wa mtu wa namna hiyo alikuwa raia kwa maneno ya 1971. Kwa maneno ya 1972 hakutajwa, si kwa sababu babu yake alichelewa kufika, bali kwa sababu alishuka bandari nyingine. Haiyumkiniki kuwa watunga sheria walikusudia kumtenga mtu wa migodini. Walikuwa wakifikiria mabishano ya ardhi ya Masisi na Rutshuru. Lakini maneno ya sheria hufanya kazi hata pale ambapo mwandishi wake hakuwa akitazama.

Sheria ya 1981 iliifuta Ibara ya 15 kabisa, na amri ya tarehe 15 Mei 1982 ikatangaza kuwa vyeti vya uraia vilivyotolewa kwa mujibu wake ni batili. Mwenye cheti alibaki na karatasi yenye mhuri, saini na tarehe, isiyokuwa na maana tena.

Nani alikuwa ufukweni mwaka 1885?

Maadamu sheria iliyodumu hadi karne mpya ilitaka kujua makabila yaliyokaa katika mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, ni halali kuuliza ni nani hasa aliyekuwapo siku hiyo kwenye ufuko wa Kalemie. Jibu lake si la aibu kwa mtu yeyote, ila ni gumu kwa karani.

Mlangoni mwa mto Lukuga walikuwapo Waholoholo, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliwaandika kwa jina la Waguha. Kusini, kuelekea milima ya Marungu, walikuwapo Watabwa; kaskazini Wagoma na Wabwari; bara Warua, yaani Baluba wa Katanga. Wote hao hawana shida na sheria. Lakini kaskazini kidogo ya Lukuga ilikuwapo Mtowa, mahali pa kushukia misafara iliyovuka kutoka Ujiji kwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Misheni ya London ilifungua kituo hapo mwaka 1879 kwa sababu misafara ilikuwa ikipita hapo. Mtowa walikaa waungwana: watu wa Mrima na Unguja, Wanyamwezi, Wamanyema waliovaa kanzu na kusilimu, watumwa wao, watoto wa watumwa wao, na watoro waliotafuta bwana mwema zaidi. Neno mwungwana halikuwa jina la kabila. Lilieleza namna ya kuvaa, kusali, kula na kusema. Mtu aliweza kuwa mwungwana baada ya kuzaliwa Murua, na ndivyo walivyokuwa wengi wao.

Kusini zaidi ilikuwapo Mpala. Luteni Emile Storms wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika alijenga ngome hapo mwaka 1883, na mwisho wa 1884 askari wake, waliokusanywa pande zote mbili za ziwa, walimwua mtemi Lusinga. Katikati ya 1885 Storms aliamriwa kuondoka, na Mpala ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Kwa hiyo siku ile ya tarehe 1 Agosti 1885, ambayo sheria inaichukulia kama siku ya kuhesabu wenyeji wa dola, dola yenyewe ilikuwa imeondoka kwenye ufuko huo. Waliobaki ni wamisionari, na jamii waliyoianza kuijenga, Mpala na baadaye Baudouinville, ambayo leo ni Moba-Kirungu, iliwakusanya pamoja na wenyeji watoto na wanawake waliokombolewa kutoka kwenye misafara. Wengi walitekwa wakiwa wadogo mno hata kukumbuka kwao. Misheni iliwapa majina, ardhi na wachumba.

Wajukuu wa waungwana wa Mtowa na wa waliokombolewa Mpala ni miongoni mwa waliokifanya Kiswahili kiwe lugha ya mji wa Albertville. Wabelgiji waliwaita wale wa kundi la kwanza kwa jina la Kifaransa arabisés, waliofanywa Waarabu, jina ambalo halikuwapa ukoo wala kuwanyang'anya. Je, kabila lao ni lipi, na lilikuwa limekaa wapi? Sheria haikuwauliza wanasema lugha gani. Lau ingaliuliza, wangalikuwa wenyeji wa kwanza wa mji.

Aliyewaokoa alikuwa bibi. Katika sheria zote, ya 1964, ya 1972 na ya 1981, yamo maneno "mmoja wa wazee wake". Halikutakiwa kabila la wazee wote, wala la baba peke yake. Mwungwana aliyetoka Tabora na kuoa Mholoholo aliwaachia wajukuu wake mlango wa kuingilia, hata kama jina lao la ukoo ni la Kiarabu. Ndoa za mchanganyiko, ambazo ndizo zilizokifanya Kiswahili cha Kalemie kiwe jinsi kilivyo, ndizo pia zilizowapa wasemaji wake haki ya pasipoti. Rehema hiyo hiyo ilikuwa ya faida ndogo kwa jamii iliyooana yenyewe kwa yenyewe. Tofauti iliyokuja kuonekana baadaye baina ya waungwana, ambao leo hakuna anayewashuku kuwa wageni, na wafugaji wenye asili ya Kinyarwanda, ambao wameshukiwa daima, haikutokana na nani alitangulia kufika tu. Ilitokana kwa kiasi kikubwa na nani alikuwa na bibi wa mahali pale.

Ukoo mmoja, sheria mbili

Ziwa halijawahi kuwa mpaka wa koo. Wamanyema, Waholoholo, Wabwari, Wagoma na Wabembe wamekaa Ujiji na Kigoma kwa vizazi vingi, kama walivyokaa Waswahili wa Buyenzi mjini Bujumbura. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sheria yake haikumwuliza mtu kabila. Ilimtambua kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini, aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Wengine walitakiwa kujiandikisha.

Hebu wafikiriwe watoto wa ndugu wawili wa Kiholoholo, wote wamezaliwa Ujiji mwaka 1930. Mmoja wazazi wake wote wawili walizaliwa upande wa Lukuga. Wa pili mama yake alizaliwa Ujiji. Mwaka 1961 wa pili aliamka raia wa Tanganyika, wa kwanza hakuamka hivyo. Miaka mitatu baadaye Katiba ya Luluabourg iliwafanya wote wawili kuwa Wakongo tangu siku ya uhuru, kwa kuwa babu zao walikuwa wa kabila lililokaa Kongo kabla ya 1908, na katiba haikusema ni lazima wawe wanaishi Kongo. Nchi zote mbili zilikataza uraia wa nchi mbili. Yule wa pili alikuwa amevunja sheria za mataifa mawili akiwa amelala kitandani kwake.

Mambo kama hayo yangaliweza kubaki mchezo wa wanasheria, lau watu wasingalilazimika kuvuka. Walilazimika. Katika Juni 1964 Albertville iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na Jason Sendwe, rais wa mkoa wa Katanga Kaskazini, akauawa humo. Mwezi wa Agosti jeshi la serikali likaurudisha mji. Februari 1997 Kalemie ilitwaliwa na majeshi ya Laurent Kabila, mtu ambaye naye aliishi miaka mingi upande wa Tanzania. Kuanzia Agosti 1998 ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Kila mara mashua zilielekea mashariki. Kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996, na mwaka 1997 meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ilifanya safari nyingi baina ya Kigoma na Uvira kuwarudisha waliotaka kurudi. Waliobaki, na waliokuja baada yao, wamezaa, na watoto wao wamezaa. Kwa sheria ya Kongo ya 2004 mtoto aliyezaliwa na baba au mama Mkongo ni Mkongo, azaliwe popote. Haki yake ni kamili. Kinachopungua ni mtu wa kuishuhudia: chifu aliyemjua babu yake yuko ng'ambo, kama angali hai.

Vyura na Moba

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wafugaji wa Kinyamulenge walihama na ng'ombe wao kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini, wakashuka hadi Vyura katika wilaya ya Moba. Kwa kipimo cha 1972 wengi wao walikuwa Wazaire: walikuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950, na hawakuwa wametoka nchini. Kwa kipimo cha 1981 walirudi kuwa watu wa kuulizwa. Azimio la bunge la mpito la tarehe 28 Aprili 1995 halikuuliza tena. Liliwaweka watu wa asili ya Rwanda na Burundi kwa jumla katika fungu la wageni wanaopaswa kurudishwa. Vita vya 1996 vilifuata katika Kivu, na kuhusu sababu zake mengi yamesemwa. Vilipozuka vita vya pili mwaka 1998, watu wa Vyura waliuawa na wengine wakakimbilia nje ya nchi.

Mwanzoni mwa Agosti 2007 zilienea habari mjini Moba kwamba Wanyamulenge wanarudishwa kwa siri pamoja na wakimbizi wengine. Umati ulijitokeza barabarani, na ofisi za Umoja wa Mataifa zikashambuliwa. Wakati huo sheria mpya ilikuwa na umri wa karibu miaka mitatu. Waliokuwa barabarani hawakuwa wakibishana na ibara yake yoyote, na pengine hawakuwa wamepata kuisikia. Lakini swali lililokuwa midomoni mwao, hawa ni watu wa wapi, ndilo lile lile ambalo sheria ilikuwa imelifundisha kwa miaka arobaini.

Haifai kudhani kuwa chuki hiyo iliwaelekea wenye asili ya Rwanda peke yao. Mwaka 1992 na 1993 Katanga iliwafukuza watu wa Kasai kwa maelfu, watu ambao hakuna aliyeweza kukana uraia wao. Wao hawakuambiwa kuwa si Wazaire. Waliambiwa kuwa si wa hapa.

Sheria ya 2004 na ushahidi

Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 ilizaliwa na mapatano yaliyotiwa saini Pretoria mwishoni mwa 2002. Ibara yake ya 6 inasema kuwa ni Mkongo tangu kuzaliwa kila mtu wa makundi ya kikabila na mataifa ambayo watu wake na ardhi yake vilifanya kile kilichokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Kwa hiyo 1885 umeondoka, na 1960 umeingia. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kwa mara ya kwanza kipimo cha kabila kimewekwa kwenye siku ya Wakongo wenyewe. Sheria hiyo imeshika pia kwamba uraia ni mmoja na wa pekee, na Ibara ya 10 ya Katiba ya 2006 imelirudia hilo. Mkongo anayechukua uraia wa Tanzania, Ubelgiji au Kanada huupoteza wa Kongo, na pamoja nao haki ya pasipoti, ijapokuwa wanasiasa wengi wamepata kunong'onwa kuwa na pasipoti mbili.

Pasipoti ya kisasa ilianza kutolewa mwaka 2015 kwa dola 185 za Marekani, bei ambayo ilishushwa hadi dola 99 mwaka 2020. Kwa mvuvi wa Kalemie bei hizo mbili hazitofautiani sana. Lakini kizuizi cha kwanza hakikuwa bei. Hesabu ya watu haikufanywa tena nchini baada ya ile ya 1984. Kuanzia 2005, mwananchi alipohitaji kitambulisho alitumia kadi ya mpiga kura. Kadi hiyo ilitolewa kituoni mara nyingi kwa ushuhuda wa wazee na majirani. Juu ya kadi hujengwa cheti cha uraia, na juu ya cheti pasipoti. Mwanamke aliyeolewa aliongezewa ngazi nyingine, kwa kuwa Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka awe na idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria, hadi iliporekebishwa mwaka 2016. Chini kabisa ya jengo hilo, basi, ni mzee aliyekaa kitini akasema kwa Kiswahili kwamba anamfahamu huyu, na kwamba alimfahamu babu yake.

Mwaka 2021 pendekezo lilipelekwa bungeni Kinshasa la kutaka urais na vyeo vingine vikubwa viwe vya waliozaliwa na baba na mama Wakongo wote wawili. Halikugusa pasipoti. Lakini liliyaacha maneno "mmoja wa wazee wake", maneno yaliyowaingiza waungwana wa Mtowa, na hapo ndipo mtu wa Kalemie ana sababu ya kulisoma mara mbili.

Sheria ya 2004 haikuambatanishwa na orodha ya makundi ya kikabila. Karani anayepokea faili Kalemie hana kitabu cha kufungua ili ajue kama jina lililoandikwa mbele ya neno kabila ni la kundi lililokuwa Kongo tarehe 30 Juni 1960. Humwuliza mwombaji kijiji chake cha asili ni kipi, na kila kabila jingine lililomo katika ukoo wake hubaki nje ya faili, kwa sababu nafasi ya kuandika ni moja.